Mwaka Nilipomwajiri Zuhura

Mwezi uliopita nilikwenda Xintang, nje kidogo ya Guangzhou, kukagua suruali za jinzi za mteja wangu wa Kariakoo, na katika karakana ya tatu nikasikia Kiswahili nyuma ya rundo la nguo. Hakikuwa Kiswahili cha haraka cha sisi wafanyabiashara, nusu Kiingereza nusu Kichina. Kilikuwa kimenyooka, kila neno limetamkwa likaisha: "Dada zangu wa Mwanza, tazameni mshono huu, haufumuki hata ukiinama." Nikazunguka rundo lile, nikamwona binti wa Kichina kasimama mbele ya simu iliyofungwa kwenye kijiti, anauza laivu mtandaoni kwa niaba ya mwenye karakana. Alikuwa Zuhura, amekata nywele na amenenepa kidogo. Aliponiona hakukatiza maneno yake. Alitaja bei, akawaaga wateja, akazima simu, ndipo akasema, "Shikamoo, Mama Salha." Nikaitika marahaba. Tulikula tambi pamoja kwenye mkahawa wa Waislamu wa kaskazini mwa China, ng'ambo ya barabara, tukazungumza vitambaa, kontena, na harusi ya mwanangu. Mwaka ule hatukuugusa. Naamini yeye hakuugusa kwa heshima. Mimi sikuugusa kwa woga, na kwa kuwa nimechoka kuogopa, nauandika.

Wengi wakisimulia mwaka uliowafunza dunia husimulia wa ujanani. Wangu ulichelewa. Ulinikuta na miaka arobaini na mitatu, mwenye kampuni iliyosajiliwa Guangzhou, mwenye wateja, mwenye mdomo, nikidhani nimekwisha kufunzwa. Mipaka ya China ilikuwa imefunguliwa tena baada ya maradhi ya korona, sisi tukarudi mbio tukitarajia kukuta soko tuliloliacha. Ofisi yangu ilikuwa ghorofa ya sita, nyuma ya maduka ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu. Chumba kimoja, dirisha moja lililotazama dirisha la mwenzake, marobota ya nguo hadi darini, mizani ya kupimia mizigo, na pembeni jiko la umeme la wali ambalo lilikuwa halipumziki. Harufu ya rangi ya nguo mpya iliingia mpaka kwenye chakula. Tulikuwa tunakula wali, samaki wa kukaanga na mboga za majani zile zenye mashina matamu, sahani tumezipakata magotini, kwa sababu meza ilikuwa ya kazi.

Zuhura ndilo jina alilopewa na mwalimu wake wa Kiswahili. Alikuwa mwaka wa nne katika chuo kimoja cha mjini humo, na wanafunzi wote wa lugha yetu pale hupewa majina ya kwetu siku ya kwanza. Jina lake la Kichina alinifundisha, nikalipotosha sana, mwisho akanisamehe. Alikuwa akija mara mbili kwa wiki kunitafsiria kwa wenye viwanda na kunyoosha ulimi wake, nami nikimlisha. Alikuja na pilipili za kwao Hunan ndani ya chupa ya jamu, na akila zile pilipili jasho likimtoka puani alikuwa akisema, "Hii sasa ndiyo chakula," nami nikimsahihisha: "Hiki ndicho chakula." Hapo anacheka. Nilimpenda kama mwanangu, na nalisema hilo mapema ili msije mkadhani yaliyofuata yalitokana na chuki au uzembe.

Mtu wa tatu kwenye sahani zile alikuwa Kassim, Mzanzibari aliyekuwa akisoma uzamivu, mwenye masomo mengi na jiko hana. Habari za nchi ile nilizipata kwake. Siku moja akija kula alisema, "Ile hesabu wameiwacha kuitangaza." Nikamuuliza hesabu gani. "Ya vijana wasio na kazi. Kila mwezi ikipanda, ikapanda, mpaka ikatia aibu. Basi serikali imesema inaisimamisha kwanza, watazame upya namna ya kuhesabu." Baadaye hesabu ilirudi, na ilirudi imepungua, kwa kuwa walio bado masomoni walitolewa ndani yake. Kassim akasema, "Kwetu mtoto akipata homa hutafutiwa dawa. Hawa wamekificha kipimajoto." Mimi nikacheka. Zuhura aliinuka taratibu, akaufunga mlango uliokuwa wazi, akarudi kwenye sahani yake kama hajasikia kitu. Nimeishi miji mingi, na bado sijaona kitu kilichonifahamisha mahali nilipo kama mlango ule ulivyofungwa.

Siku hizo wakubwa wa nchi walikuwa wakiwahimiza vijana wajifunze kula uchungu, yaani wavumilie shida kama wazee wao, wakafanye kazi vijijini, wasichague. Maneno yalibandikwa hata kwenye korido za chuo chake. Nilimuuliza yeye anaonaje. Akafikiri, maana hakuwa mtu wa kujibu haraka, akasema, "Uchungu upo, Mama. Hakuna kiti cha kukalia nikiula." Baba yake alikuwa fundi wa vigae, na majengo aliyokuwa akiyajenga yalisimama nusu. Mama yake alikuwa akifanya kibarua cha kumenya kamba wa mtoni. Walimsomesha wao, na tumaini lao lote lilikuwa kwenye mtihani mmoja: wilaya ya kwao ilitangaza nafasi ya kazi katika idara ya nyaraka, kazi ya serikali, ya kukaa na mafaili mpaka ustaafu. Nafasi ilikuwa moja. Idadi ya waombaji sikuiuliza, na yeye hakutaka kuijua. Majira yote ya baridi alisoma kwenye meza yangu, amejifunika nguo za robota lililofunguliwa, mimi na Kassim tukinong'ona ili tusimsumbue.

Wakati huohuo, chuo kilikuwa na shida yake. Kila darasa lilitakiwa lionyeshe kwamba wahitimu wake wamepata kazi, na aliyebanwa kwa hilo ni mwalimu mlezi wa darasa, kijana asiyefika hata miaka thelathini. Alimpigia Zuhura simu asubuhi, akampigia mchana tukila. Zuhura alikuwa akiiweka simu mezani, sauti ikisikika mpaka kwangu, yeye akiitikia "en, en" huku akichambua mifupa ya samaki. Nilitaka kumtukana yule mlezi. Zuhura akanizuia, akasema, "Na yeye anahesabiwa, Mama." Alichotaka mlezi ni karatasi ya pande tatu: mwanafunzi, mwajiri, chuo. Ikiwa na muhuri mwekundu wa kampuni, mwanafunzi ameajiriwa. Isipokuwapo, cheti kitachelewa. Hakuna aliyeandika mahali kwamba cheti kitachelewa. Lilisemwa tu kwa mdomo, likaeleweka.

Basi wanafunzi wakawa wanatafuta mihuri kama watu wanaotafuta maji. Mmoja aliajiriwa kwa karatasi na duka la chakula cha samaki lililokuwa limefungwa. Mwingine, aliyesomea Kiswahili kama Zuhura, akawa msusi katika saluni ya shangazi yake. Zuhura akanijia siku ya Jumatano na karatasi ndani ya bahasha safi, akaishika kwa mikono miwili. "Mama Salha, naomba unipigie muhuri. Ni karatasi tu. Ijumaa wanaitaka." Nikamuuliza, "Kwamba umeajiriwa na mimi?" Akasema, "Kwamba imeandikwa hivyo. Wataihesabu, halafu wataiweka kabatini. Usifanye kitu kingine chochote."

Usifanye kitu kingine chochote. Aliniambia kwa Kiswahili safi, na siwezi kusingizia lugha. Lakini mimi nimelelewa kwamba njia ya mwongo ni fupi, na mgeni katika nchi ya watu muhuri wake ni shingo yake. Nikiwaza juu ya muhuri ule niliona askari wakipanda ngazi. Na zaidi ya woga, niseme kweli, kulikuwa na majivuno. Nilijiona mimi peke yangu katika mji mzima ndiye ninayeona haya kutia muhuri kwenye uongo. Nikamwambia aniachie mpaka kesho. Akatoka ameinamisha kichwa, akidhani nimekataa.

Alipotoka tu nikampigia Bibi Liang, mama wa makamo aliyekuwa akinitengenezea mambo ya kodi na usajili, ambaye alikuja na chupa yake ya maji moto na kofia ya jua mvua ikinyesha. Nilimwambia nataka kumwajiri Zuhura. Akaniuliza, "Laoban," yaani bosi, "ajira ya kweli au ya karatasi?" Nikamwambia ya kweli. Akauliza mara ya pili, polepole, akinitazama. Nikarudia: ya kweli kabisa, na bima ya jamii ilipwe, kila kitu kama watu. Bibi Liang hakuwa mtu wa kubishana na laoban aliyekwisha kusema mara mbili. Alifungua kompyuta yake, akaingiza namba ya kitambulisho cha Zuhura aliyoikuta kwenye ile karatasi, na kabla chai haijapoa Zuhura alikuwa mfanyakazi wangu halali mbele ya serikali ya China. Nikapiga muhuri kwa moyo mweupe. Nilijisemea kwamba hata mtihani ukimshinda, hatarudi kwao mikono mitupu. Na sikumwambia. Nilitaka siku ya mahafali nimwambie mbele ya wazazi wake, iwe zawadi. Alhamisi alipoiona karatasi ina muhuri alinishika mkono, asiachie kwa muda. Hicho ndicho kiherehere changu, na kimenigharimu usingizi wa miaka.

Mtihani haukumshinda. Alikuwa wa kwanza kwenye maandishi, akasafiri kwao kwa usaili, akawa wa kwanza tena. Aliporudi, Kassim alinunua embe mbili za bei mbaya tukala, na kwa mara ya kwanza nilimwona Zuhura akila bila pilipili. Lilibaki jambo moja, uhakiki wa kumbukumbu zake, ambalo kila mtu alilihesabu kuwa la desturi tu. Simu kutoka wilayani kwao ilikuja tukiwa tunafungasha viatu vya watoto, mimi nikikata selotepu, yeye akiandika namba juu ya maboksi. Alizungumza lugha ya kwao, chini chini. Kisha akakaa juu ya boksi alilokuwa akiliandika. "Mama Salha," akasema, "umenilipia bima ya jamii?"

"Ndiyo, mwanangu," nikasema, na Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Alinieleza polepole kama anavyoeleza mtu asiyetaka kumwaibisha mwenziwe. Nafasi ile ilitengwa kwa mhitimu mpya, na kwa wilaya ya kwao mhitimu mpya maana yake ni yule ambaye hajawahi kuwa na kazi. Karatasi ya chuo si kitu. Kila mtu anajua karatasi zile ni za nini, hata wale wanaozidai. Bima ya jamii ndiyo inayosomwa. Jina lake lilikuwa limesajiliwa miezi miwili kama mfanyakazi wa kampuni ya biashara ya mgeni huko Guangzhou, kwa hiyo si mhitimu mpya tena, na nafasi inakwenda kwa aliyeshika namba mbili. Nikamwambia tutaifuta. Akasema, "Ndiyo, Mama, tutajaribu." Kisha akaniomba ajilaze kidogo juu ya marobota, akageukia ukutani. Mimi niliendelea kukata selotepu, nikakata na kukata, kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono.

Tulikwenda ofisi ya kazi watu watatu, mimi, yeye na Bibi Liang. Urefu wote wa ukumbi ule ulikuwa viti vya chuma vimejaa vijana waliovaa vizuri, kila mmoja na bahasha, na hakuna anayezungumza. Juu ya ukuta kulikuwa na luninga inayoonyesha vijana wengine wakicheka mashambani. Aliyetuhudumia alikuwa binti wa rika la Zuhura, mpole, kucha zimepakwa rangi ya maziwa. Alisikiliza yote. Nilimwambia kosa ni langu, binti hakujua, waandike jina langu mimi popote wanapotaka kuliandika. Bibi Liang alikuwa akitafsiri kwa Kichina sanifu yale niliyokuwa nikibabaisha kwa Kichina cha sokoni. Binti yule akatazama kompyuta, akasema malipo yalifanyika kweli, kazi ilifanyika kweli, kwa hiyo hakuna kosa la kurekebisha. Ingekuwa uongo, angeweza kuufuta. "Mei banfa," akasema, hakuna jinsi. Halafu akaniinamia kidogo juu ya meza, kwa huruma kabisa, akaniuliza, "Laoban, nani alikwambia uifanye iwe kweli?"

Nimeulizwa maswali mengi na watu wa forodha, wa uhamiaji, wa kodi. Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani. Serikali ile ilikuwa na janga la vijana wasio na kazi, ikalitibu kwa karatasi, na kila mtu kuanzia juu mpaka kwa mlezi wa darasa alijua namna ya kuishi ndani ya karatasi hizo asiumie. Uongo ulikuwa na njia zake, vibao vyake, hata adabu zake. Aliyeumiza mtu ni yule aliyekuja na ukweli wake kutoka kwao bila kuuliza. Wema uliniponza, nilikuwa nikijiambia mwanzoni. Sasa sijiambii hivyo, maana aliyeponzeka si mimi. Na ile ajira niliyomfungia nayo mlango haikufika hata Oktoba. Wateja wa Kariakoo walikuwa wamejifunza kuagiza wenyewe kwa simu, mizigo ikapungua, mwezi wa tisa nikamwachisha. Hakulalamika. Alifagia chumba kabla ya kuondoka.

Lakini siku ninayoiota ni ya mahafali, mwezi wa sita, kabla sijamwachisha. Mlezi wa darasa alinialika. Ubaoni mwao waliandika kwamba darasa karibu lote limeajiriwa, na kwa kuwa Zuhura ndiye pekee mwenye kazi unayoweza kwenda kuiona, mlezi alitaka picha yake na mwajiri ibandikwe kwenye korido. Nikapigwa picha na buibui langu, Zuhura na joho lake, mlezi katikati anatoka jasho kwa furaha. Baada ya hapo wazazi wake wakatualika chakula. Walikuwa wamekaa kwenye treni siku nzima, na bado walihangaika mpaka wakapata mkahawa wa Kiislamu kwa ajili yangu. Mama yake alikuwa mwembamba, akinitilia nyama sahani ikijaa. Baba alikuwa na vidole vilivyopasuka kwa saruji, shati jipya lenye mikunjo ya kwenye pakiti. Zuhura alikuwa amewaambia kwamba katika ile nafasi ya nyaraka alikuwa wa pili.

Baba yake akasimama, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akaanza kusema, na Zuhura aliyekaa katikati yetu akawa anatafsiri bila kuacha neno. "Baba anasema darasa zima lina kazi za karatasi. Anasema amewauliza wazazi wenzake nje, kila mmoja ameangalia chini. Anasema wewe ni mgeni, hukuwa na deni kwetu, na wewe peke yako ndiye uliyempa binti yake kazi ya kweli. Anasema hatakusahau." Wahenga walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Hawakusema ufanyeje ukitenda ubaya, halafu shukrani zikufuate mpaka mezani zikutilie nyama. Nikamwambia Zuhura, "Mwambie baba yako kwamba hukuwa wa pili. Mwambie nafasi ilikuwa yako, na aliyekupotezea ni mimi."

Zuhura alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu. Kisha akamgeukia baba yake, akasema kwa Kichina chepesi ambacho hata mimi wa sokoni nilikielewa chote, "Mama anasema nafanya kazi vizuri."

Mzee akacheka, akajifuta macho kwa nyuma ya mkono, akanywa chai yake yote, akakaa. Wiki ile nilikuwa nimekwisha kumwambia mwenye jengo kwamba huenda chumba nikakirudisha. Mzee akajiinamisha mbele yangu, akaniuliza mwenyewe, bila kungoja mkalimani, polepole ili nimwelewe: je, binti yake atakaa kwangu muda mrefu? Zuhura alikuwa akitazama sahani. Nikamjibu kwa Kichina changu, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, "Mrefu sana."